Maswali ya Wasomaji: Kutoka Kivu hadi kwenye matumbawe, na saa 18 za kungoja

Barua za mwezi huu karibu zote ni za watu wanaojiandaa kwenda Unguja au Mafia wakati wa likizo, na wanataka kuzamia kwa mtungi wa hewa. Tumezichapa na Kiswahili chao cha nyumbani kama zilivyotufikia.

Wakubwa wa gazeti, jambo. Miye niko naogelea mu Kivu tangu utoto, natoka pwani ya Himbi naenda mbali bila kuchoka. Mwezi wa kumi na mbili tutaenda Zanzibar siku sita. Ni lazima nisome kwanza, ao naweza kuingia na chupa siku ya kwanza tu? (Kijana wa Himbi, Goma)

Unaweza kuingia siku ya kwanza, ila kwa mkono wa mwalimu. Vituo vingi vina mbizi ya kuonja: unafundishwa kwanza kwenye bwawa au maji ya kiunoni, kisha mwalimu anakushusha akiwa amekushika, na hampiti mita 12. Ukitaka kuzamia na mwenzako bila kushikwa, unahitaji cheti cha ngazi ya kwanza. Huchukua siku 3 au 4 na kinakufikisha mita 18. Ngazi ya pili ni mita 30, na mwisho kabisa wa kuzamia kwa burudani ni mita 40.

Katika siku zako sita, ya mwisho ihesabu kuwa imekwenda (sababu iko kwenye jibu la ndugu wa Lubumbashi hapo chini). Kwa hiyo masomo ya nadharia yamalize ukiwa bado Goma. Yanapatikana kwenye intaneti, hata kwa Kifaransa. Ukifika Unguja utabaki na mazoezi ya maji tulivu na mbizi nne za baharini. Fomu ya afya nayo ijaze mapema. Inauliza juu ya pumu, moyo, kifafa, upasuaji wa kifua, masikio. "Ndiyo" moja tu inaweza kudai sahihi ya daktari, na ni rahisi kuipata kwa daktari anayekujua kuliko kuanza kumtafuta mmoja huko Nungwi asubuhi ya somo. Usidanganye kwenye fomu hiyo. Pumu isiyotulia inaweza kuziba hewa ndani ya kipande cha pafu wakati unapanda.

Mtihani wa kuogelea hautakusumbua: mita 200 bila kupimwa muda, au mita 300 ukiwa na maski, mapezi na mrija wa kupumulia, kisha kuelea dakika 10. Kitakachokusumbua ni huko kuogelea kwako vizuri. Waogeleaji hodari hupiga mikono, na wameshazoea kubana pumzi. Chini ya maji mikono hukunjwa kifuani, miguu ndiyo inayosukuma, na pumzi haikatiki hata mara moja. Juu ya bahari shinikizo ni baa 1. Mita 10 chini ni baa 2. Ukijaza mapafu lita 5 kule chini ukapanda umebana pumzi, hewa ileile itataka nafasi ya lita 10 ikifika juu, nawe huna nafasi hiyo. Mita moja au mbili za mwisho zinatosha kupasua pafu. Ndiyo maana ajali hii huwapata watu kwenye maji mafupi, hata bwawani. Panda usizidi mita 9 kwa dakika, na mita 5 kabla ya kutoka simama dakika 3.

Ba Papa na ba Mama ba gazeti, jambo yenu. Mi niko Katuba. Sina makuta ya ndege, tutaenda na bisi kupitia Kasumbalesa na Tunduma mpaka Dar, kisha bato mpaka Unguja. Ile mambo ya kungoja masaa 18 kabla ya ndege, inaniangalia na mimi mwenye niko na bisi? (Msomaji wa Katuba, Lubumbashi)

Inakuangalia, ndugu yetu. Hili ni swali bora kuliko yote tuliyopata, kwa sababu wengi hudhani ndege yenyewe ndiyo mbaya. Kinachodhuru ni kimo, na mlima ni kimo.

Sehemu kubwa ya hewa ya mtungini ni naitrojeni. Ukiwa chini, shinikizo huisukuma iingie kwenye damu na nyama za mwili, na ukitoka majini hubaki humo ikipungua kidogo kidogo kupitia pumzi. Ukipanda juu kabla haijapungua, hufanya povu mwilini, kama fanta iliyofunguliwa kizibo. Kanuni inayofuatwa na wazamiaji wa burudani ni hii: baada ya mbizi moja, ngoja saa 12 au zaidi kabla ya kupanda, baada ya mbizi kadhaa au siku kadhaa mfululizo, saa 18 au zaidi. Sisi tunashauri saa 24 kwa kila mtu. Ndani ya ndege hewa hubanwa hadi kufanana na kimo kisichozidi mita 2,400. Sasa tazama njia yako. Bisi ikitoka Dar inapanda Kitonga hadi Iringa, zaidi ya mita 1,500, na Mbeya ni karibu mita 1,700. Vitabu vya kuzamia vinaanza kuhesabu "mlima" kwenye mita 300 tu.

Ratiba yako iwe hivi. Mbizi ya mwisho iwe ya asubuhi, tuseme Alhamisi, utoke majini saa tano. Panda bato ya alasiri (bahari haina kimo, kwa hiyo bato haidhuru kitu), lala Dar, uchukue bisi ya Ijumaa alfajiri. Ikifika Kitonga mchana, saa 24 zimeshapita. Ukiwa unakwenda Unguja, kungoja huku hakukuhusu: mtu anayeshuka kutoka Lubumbashi, Bukavu au Goma kwenda pwani hana cha kungoja.

Watu wa Goma wanaotua Kigali wakumbuke kwamba barabara ya Musanze hadi Rubavu hupanda kuliko Goma yenyewe. Aliyengoja saa 18 kabla ya ndege hana shida nayo. Asiyengoja anakuwa amepandishwa mara mbili.

Na hili mlikate mlibandike ukutani. Mtu akirudi nyumbani, na katika siku ya kwanza au ya pili akasikia maumivu ya bega au goti bila kuumia, ganzi, kizunguzungu, madoa ya ngozi au uchovu usio wa kawaida, neno la kwanza kwa daktari liwe "nimezamia, nimetoka majini siku fulani, saa fulani". Bila neno hilo atapimwa malaria, atapewa dawa ya maumivu, atalala. Huduma ya kwanza ni oksijeni safi kwa maski. Kurudi majini ili "kujisawazisha" ni marufuku. Kabla ya kulipia kituo, uliza mambo mawili: oksijeni iko ndani ya bato au imebaki ofisini? Na chumba cha shinikizo (ndimo anamotibiwa mwenye povu mwilini) kinachofanya kazi kilicho karibu kiko wapi?

Jambo sana ba ndugu. Mutoto wangu iko na miaka 12, anapenda maji. Mwaka jana mu pisini alishuka mita mbili tu, masikio ikamuuma mpaka akalia. Anaweza zamia kweli? Na mafua inamushika kila mara. (Mama wa Ibanda, Bukavu)

Umri unaruhusu, mama yetu. Cheti cha watoto huanzia miaka 10, na mpaka afike 15 atazamia pamoja na mtu mzima mwenye cheti. Masikio ndiyo yenye kazi, na inafundishika.

Nyuma ya ngoma ya sikio kuna chumba kidogo cha hewa kilichounganishwa na koo kwa mrija mwembamba. Ukishuka, maji husukuma ngoma kwa ndani. Usipoongeza hewa kupitia mrija huo, ngoma hunyooka na kuuma. Mita za mwanzo ndizo ngumu kuliko zote: kutoka juu hadi mita 10 shinikizo linaongezeka mara mbili, lakini kutoka mita 20 hadi 30 linaongezeka theluthi tu. Kwa hiyo mtoto kulia kwenye mita mbili si ajabu hata kidogo, na haimaanishi masikio yake ni mabovu.

Afanye hivi. Abane pua na kupuliza taratibu kupitia puani mdomo ukiwa umefungwa, aanze kabla kichwa hakijaingia majini, kisha arudie kila nusu mita. Ashuke miguu ikitangulia, akishika kamba. Asingoje maumivu, maana yakishaanza mrija umekwisha kubanwa na kupuliza kwa nguvu hakutaufungua. Kunaweza kuumiza sikio la ndani. Pakikataa, apande mita moja, achezeshe taya, ameze mate, ajaribu tena. Pakikataa mara ya tatu, mbizi imeisha siku hiyo na hakuna wa kumcheka. Wiki mbili kabla ya safari afanye mazoezi nyumbani, mara chache kwa siku, kwa upole.

Mafua yakimshika, hazamii. Dawa ya kuzibua pua inaweza kuisha nguvu mtoto akiwa chini, hewa ikabaki imefungwa, na safari hii maumivu yanakuja wakati wa kupanda. Kushuka unaweza kukataa. Kupanda ni lazima.

Mkinunua vifaa, msinunue miwani ya pisini. Haifuniki pua, kwa hiyo hawezi kupuliza hewa ndani yake, na macho yatafyonzwa mpaka yawe mekundu. Maski ifunike pua.

Chupa moja inaisha mu dakika ngapi? Rafiki alikuwa Zanzibar anasema yake iliisha dakika 20, bengine bakabaki chini. (Katindo, Goma)

Mtungi wa kawaida wa aluminiamu una ujazo wa lita 11 hivi. Ukijazwa baa 200 unabeba lita 2,200 za hewa. Baa 50 za mwisho haziguswi, ni za dharura, kwa hiyo una lita 1,650. Mtu mtulivu anatumia kama lita 20 kwa dakika akiwa juu. Mita 10 chini anatumia 40, mita 20 anatumia 60. Gawanya: dakika 41 kwenye mita 10, dakika 27 au 28 kwenye mita 20. Mgeni mwenye hofu anatumia 30 badala ya 20, na hapo dakika 20 za rafiki yako zinaeleweka kabisa.

Mara nyingi kosa lake ni risasi nyingi mkandani (vile vipande vizito vya kumsaidia mtu kuzama). Mtu mzito anazama, anajaza jaketi hewa ili asizame, anapiga miguu bila kupumzika, na yote hayo yanalipwa na mtungi. Pima hivi kabla ya mbizi ya kwanza: toa hewa yote kwenye jaketi, vuta pumzi ya kawaida, tulia wima. Maji yawe usawa wa macho. Ukitoa pumzi, uzame polepole. Kama mtungi umejaa, ongeza kilo 2 hivi, kwa sababu hewa ina uzito: zile lita 2,200 ni zaidi ya kilo 2 na nusu, na zikiisha mtungi wa aluminiamu huanza kuelea.

Ningependa kujua wanyama gani nitaona, na nitawaona namna gani. Dada yangu alizamia akarudi anasema aliona "samaki tu". (Muhumba, Bukavu)

Dada huenda aliona mita 400 za mwamba kwa dakika 40, na hiyo ndiyo shida. Mgeni wa Mnemba (kisiwa kidogo karibu na Unguja) au Mafia afanye kinyume: achague jiwe moja la ukubwa wa gari dogo, alizunguke dakika kumi, pumzi ndefu, mikono imekunjwa, mapezi juu ya mchanga yasitimue vumbi. Samaki hujificha kwa sababu ya mapovu makubwa na mikono inayopiga. Ukitulia hutoka tena.

Pweza tafuta mlango wake kwanza. Ni shimo lenye maganda ya kaa na kombe yaliyorundikwa nje, mabaki ya chakula chake. Yeye mwenyewe atakuwa na rangi ya jiwe, ila jicho humponza, kwa kuwa halibadiliki kama ngozi. Taa, yule samaki bapa, hujifukia mchangani yakabaki macho mawili na matundu mawili. Mkunga, samaki mrefu kama nyoka, hutoa kichwa kwenye ufa akifungua na kufunga mdomo. Watu hudhani anatisha, kumbe anapumua tu. Pono utamsikia kabla ya kumwona, anatafuna mwamba kama mtu anayekula muhindi wa kuchoma, na kinachotoka nyuma yake ni mchanga mweupe. Ukizamia usiku unaweza kumkuta amelala ndani ya mfuko wa ute aliojitengenezea.

Pale mnapoona samaki wakubwa wamesimama wima, midomo wazi, kama watu kwenye foleni ya kinyozi, msipite katikati. Ni mahali pa kusafishwa. Samaki mdogo mwenye mstari mweusi na buluu anaingia mpaka mashavuni mwao kula vidudu. Kaeni mita tatu pembeni mtaona wateja wakipokezana.

Kasa wako wa aina mbili mtakaokutana nao zaidi, na wengi huwachanganya. Ng'amba ana mdomo mwembamba kama wa kasuku, magamba yamelaliana kama mabati ya paa, na kati ya macho ana jozi mbili za magamba madogo; hula sifongo za mwambani. Kasa wa kawaida, yule wa kijani, ana kichwa cha mviringo na jozi moja tu. Mtafute kwenye nyasi za bahari. Hupumua hewa kama sisi. Ukimfuata akipanda unamnyima pumzi, kwa hiyo mwache apite juu yako. Vitana na bangili za gamba la ng'amba zikiuzwa, msinunue: biashara ya kimataifa ya gamba hilo imepigwa marufuku.

Wale samaki wa machungwa wanaokaa ndani ya mnyama mwenye vidole vinavyowasha wana jambo la kuchekesha. Mkubwa kuliko wote hapo ni jike. Akifa, dume wake hubadilika kuwa jike.

Chukua tochi hata mchana. Rangi nyekundu hufifia baada ya mita tano hivi, kila kitu kinakuwa buluu na kijivu. Ukiwasha tochi chini ya mwamba ndipo unaona kwamba ile "takataka" ilikuwa sifongo jekundu lenye konokono asiye na gamba juu yake. Na ukisimulia nyumbani, punguza: maji hufanya kitu kionekane kikubwa kwa theluthi. Mkunga wa mita moja na theluthi alikuwa wa mita moja.

Papa potwe, yule mkubwa mwenye madoa, yuko Mafia upande wa Kilindoni, kati ya Oktoba na Februari. Kwake mtungi hauhitajiki, anakula karibu na uso wa maji. Maski na mrija vinatosha. Kaa mita 3 kutoka ubavuni, mita 4 kutoka mkiani, usimguse, usimkate njia. Kisiwa cha Chumbe nacho ni cha mrija tu, wageni hawaruhusiwi kuzamia na mitungi. Kwa maji meupe, nenda wakati wa kaskazi, Desemba hadi Februari. Masika huchafua maji, na kusi huchafua pwani ya mashariki.

Nini ya kuogopa huko chini? Papa? (Bagira, Bukavu)

Papa utamwona kwa bahati, na ataondoka kabla yako. Ogopa kuweka mkono au goti mahali usipopatazama. Samaki-jiwe hukaa kama jiwe lenye ukungu, miiba yake ina sumu. Yule mwenye mapezi kama manyoya ya kuku, mistari myeupe na myekundu, naye ana sumu mgongoni. Aliyechomwa atolewe majini, mahali palipochomwa paingizwe kwenye maji ya moto yasiyozidi nyuzi 45 kwa dakika 30 hadi 90. Mtu mwingine ayapime kwa mkono mzima, maana mwenye maumivu hasikii kwamba anaungua. Kisha hospitali. Konokono mwenye umbo la koni na gamba lenye michoro mizuri usimwokote hata kama anaonekana mtupu, ana mshale wa sumu unaoweza kuua.

Mwenye hasira kweli ni samaki kikande mkubwa akiwa na mayai. Eneo analolinda lina umbo la koni, jembamba chini na pana juu. Ukikimbilia juu unabaki ndani yake, naye anaendelea kukuuma mapezi. Ogelea pembeni, ukiwa kwenye kina kilekile.

Kwa nini tusijifunzie mu Kivu tukaokoa makuta? (Keshero, Goma)

Kimsingi inawezekana, lakini si bahari iliyo karibu na nyumbani. Ziwa liko mita 1,460 juu, na hewa huko ina shinikizo la baa 0.85 hivi. Mita 18 za Kivu zihesabiwe kama karibu mita 21 za bahari kwenye jedwali la mbizi (linaloonyesha muda unaoruhusiwa kwa kila kina), na hewa mapafuni inaongezeka mara mbili ukipanda kutoka kina kisichofika mita 9, badala ya 10. Mwalimu awe amesomea kuzamia kwenye kimo, na kompyuta ya mkononi (kama saa, inayofanya hesabu hiyo majini) iwe inaweza kurekebishwa. Risasi nazo zinabadilika: maji ya chumvi ni mazito kwa asilimia 2.5 hivi, kwa hiyo mtu ambaye pamoja na vifaa vyake ana kilo 100 atahitaji kilo 2 na nusu zaidi akifika Unguja. Wengi huchukua uzito wa ziwani, wanashangaa hawazami.

Gesi ya Kivu inayozungumzwa sana (kaboni dayoksaidi na methani iliyoyeyuka majini) iko chini ya mita 250, mzamiaji haifikii. Ila ghuba ya Kabuno ni jambo jingine: tabaka la maji yenye gesi huanzia kama mita 11, hapo pasiwe mahali pa mazoezi kabisa. Na ufukweni, msivalie vifaa wala kupumzika kwenye mashimo ya mawe ya volkano. Mazuku (gesi nzito isiyoonekana, inayoua) hukaa chini pasipo upepo, na mtu aliyeinama kufunga mapezi ndiye anayeivuta kwanza. Samaki wa kuona ni wachache. Sambaza wenyewe, dagaa wa Kivu, waliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Kwa mazoezi ya masikio na pumzi, pisini inatosha na ina gharama ndogo.

Nimesuka rasta, maski inaingiza maji. Nifanye nini? (Kampemba, Lubumbashi)

Hakuna unywele hata mmoja unaotakiwa kupita chini ya mpira wa maski. Vuta rasta zote nyuma, vaa kofia nyembamba ya kuogelea ikomee juu ya paji la uso, maski ikae kwenye ngozi tupu, mkanda wake upite juu ya kofia. Usiukaze sana, ukikazwa, mpira hukunjamana na maji huingia zaidi. Kama maski ni mpya na inafanya ukungu, sugua kioo kwa ndani na dawa ya meno mara tatu au nne kabla ya safari, uisuuze vizuri, kisha kila siku tumia mate.